Jinsi ya Kuanzisha Mkondo wa Kifaransa Sekondari: Anza na Jikoni

Nawaandikia wazazi na walimu wanaonisimamisha pale mnara wa saa, Moshi mjini, au nje ya kanisa baada ya ibada, wakiwa na swali moja: "Mwalimu, na sisi tunataka shule ya Kifaransa. Tuanzie wapi?" Wengi wao wameshapata kiwanja. Wengine wameshachora nembo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia mpishi wa shule hiyo ataongea lugha gani na watoto anapowapakulia maharage. Mimi ningeanzia hapo, na nitaeleza kwa nini.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani Arusha, katika jengo la AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, wakati Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilipokuwa inaendesha kesi zake mle ndani. Mahakama ile iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwaka 1994, ikafunga shughuli mwishoni mwa 2015, na lugha zake za kazi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Mimi Kifaransa nilikisoma sekondari miaka minne nikafaulu vizuri. Siku ya kwanza kazini mkubwa wangu akaniambia sentensi moja kuhusu masanduku ya nyaraka, sikuambulia kitu. Miezi minane baadaye nilikuwa najadiliana naye tarehe za likizo yangu kwa Kifaransa hicho hicho. Katika miezi ile hakuna aliyenifundisha kanuni mpya ya sarufi. Kilichobadilika ni kwamba Kifaransa kilikuwa na kazi ya kufanya: nisipoelewa, sanduku linaishia chumba kisicho chake, na mtu atateremka ngazi kunitafuta.

Niliporudi Moshi kufundisha, nilirudi na jambo hilo kichwani. Baadaye mimi, walimu wenzangu wawili na kikundi cha wazazi tukaanzisha mkondo wa Kifaransa ndani ya sekondari moja ya binafsi. Haya ninayoyaandika nimeyaona kwenye mkondo ule, na mengine kwenye shule niliyofundisha kabla yake, ambako mambo hayakwenda vizuri.

Wazo lenyewe lilikotoka

Kumzamisha mwanafunzi ndani ya lugha ni kumfundisha mambo mengine kwa kutumia lugha hiyo, badala ya kuifundisha lugha kama somo linaloanza kengele ikilia na kuisha kengele ikilia. Kwa Kifaransa, mtindo huu ulipata umbo lake Kanada, katika mji wa Saint-Lambert, ng'ambo ya mto kutoka Montréal. Wazazi waliozungumza Kiingereza walianza kukutana mwaka 1963. Kilichowauma ni kwamba watoto wao walisoma Kifaransa miaka yote ya shule na bado hawakuweza kuzungumza na jirani. Bodi ya shule haikuwa na hamu na jambo lao. Wazazi hawakuchoka, na Septemba 1965 likafunguliwa darasa moja la chekechea ambalo mwalimu wake alisema Kifaransa tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, wakiongozwa na Wallace Lambert na Richard Tucker, wakawafuatilia watoto wale mwaka hadi mwaka. Walipochapisha matokeo mwaka 1972, ilionekana kwamba watoto hawakubaki nyuma katika Kiingereza chao wala katika hesabu, na Kifaransa chao kiliwaacha mbali wenzao waliokisoma kama somo.

Hadithi hiyo ina mambo mawili ya kushika. La kwanza, lilianza darasa moja. Hawakuanza na majengo. La pili linasahauliwa sana: watoto wale walikuwa na lugha ya nyumbani iliyokuwa salama kila mahali, dukani, redioni, kazini kwa baba. Mtoto wetu wa Kibosho au Uru anafika kidato cha kwanza akiwa na Kichagga cha bibi, Kiswahili cha shule ya msingi, na Kiingereza ambacho ndiyo kwanza kinaanza kumkaba kwa sababu masomo karibu yote yamegeuka siku moja. Ukimmwagia Kifaransa juu yake wiki hiyo hiyo unamzamisha kweli, kwa ile maana mbaya ya neno. Kwa hiyo muhula wa kwanza wa kidato cha kwanza sisi tuliuacha Kiingereza kitulie. Kifaransa kilikuwa kipindi cha kawaida, pamoja na jikoni. Mengine yote yalianza Julai. Mwalimu mmoja alinilaumu kwamba tunapoteza nusu mwaka. Sikubaliani naye mpaka leo. Nusu mwaka ule ndio uliotufanya tusipoteze watoto.

Piga hesabu ya saa kabla ya kupiga hesabu ya matofali

Kule Ontario, Kanada, wanapima programu zao kwa saa. Mtoto anayesoma Kifaransa kama somo hupangiwa saa 600 hadi kumaliza darasa la nane. Aliye kwenye programu ya kati, inayoongeza somo au masomo mengine kwa Kifaransa, hupangiwa saa 1,260. Aliyezamishwa hupangiwa saa 3,800. Wakifika sekondari, cheti cha kuzamishwa hudai masomo 10 kwa Kifaransa: manne ya Kifaransa chenyewe na sita ya mambo mengine.

Sasa chukua ratiba yetu. Mwaka wa masomo una siku 194, yaani wiki 39 hivi. Ukiwa na vipindi 4 vya Kifaransa vya dakika 40 kwa wiki, hizo ni saa 104 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni saa 416. Ndiyo maana mtoto anamaliza kidato cha nne na alama nzuri ya Kifaransa na bado hawezi kumuelekeza mgeni njia ya kwenda stendi. Akili anayo. Saa ndizo hazikutosha.

Sisi tulifika vipindi 14 kwa wiki: sita vya Kifaransa, viwili vya michezo, viwili vya kompyuta, viwili vya maktaba, kimoja cha sanaa na kimoja cha muziki. Hiyo ni saa 364 kwa mwaka. Ukitoa ule muhula wa kwanza tuliouachia Kiingereza, miaka minne inakupa takriban saa 1,350. Bado hatujafika kwenye kuzamishwa kwa maana ya Kanada, na nawasihi msiandike kwenye kipeperushi kwamba mmefika. Tumepita kidogo ile programu ya kati. Kwa sekondari inayoanza kutoka sifuri, hilo ni jambo kubwa na la kujivunia bila kuongeza chumvi.

Utaona sikugusa fizikia, baiolojia wala hesabu. Tulishawishika kuzigusa. Mzazi mmoja alitaka jiografia yote iwe kwa Kifaransa. Lakini upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili uko karibu mno, na masomo hayo hupimwa kwa Kiingereza. Mtoto akijua mmomonyoko wa udongo kwa Kifaransa tu, mtihani hautamsikiliza. Historia ya Tanzania na Maadili inafundishwa kwa Kiswahili, iache hapo. Chukua masomo ambayo mikono na miguu inafanya kazi, kwa sababu humo mtoto anaweza kuelewa agizo kwa kutazama. Mwalimu wa michezo akipiga kelele "À toi !", yaani zamu yako, na mpira umeshakujia, hakuna haja ya kamusi.

Vibali

Hapa nitapita haraka. Shule mpya inatawaliwa na Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 na marekebisho yake. Kuna kibali cha kuanzisha shule, kuna kuthibitishwa kwa mwenye shule na meneja wake, na kuna usajili wenyewe kwa Kamishna wa Elimu; wathibiti ubora wa shule watakuja kukagua, na watahesabu matundu ya vyoo kabla ya kusikiliza Kifaransa chenu. Ushauri wangu: msianze na shule mpya. Tafuteni sekondari iliyosajiliwa, yenye mkuu wa shule anayesikiliza, muombe bodi yake mkondo mmoja wa wanafunzi wasiozidi 40. Ratiba yenu ipelekwe mapema kwa wathibiti ubora, imeandikwa wazi kipindi gani kinafundishwa kwa lugha gani. Sisi tulipoipeleka, tuliulizwa maswali magumu, na yote yalikuwa ya haki. Maswali hayo yalitusaidia kuiandika upya ratiba kwa namna ambayo hata mzazi angeielewa.

Jikoni

Shule ina roho yake, na roho hiyo haikai darasani. Inakaa mahali ambapo mtoto anahitaji kitu kwa dhati. Mtoto wa bweni anahitaji chakula mara tatu kwa siku, kwa hiyo jikoni ndipo penye mahitaji mengi kuliko pengine popote.

Mpishi wetu alikuwa mama wa Kiboriloni aliyemaliza darasa la saba. Nilimuomba tukae pamoja Jumamosi tano, saa mbili kila Jumamosi, mbele ya sufuria zake. Hatukushika kitabu. Nilimuuliza: "Mama, watoto wanakuambia nini wakija hapa dirishani?" Akanitajia: niongezee, basi, inatosha, usiniwekee mboga, imebaki?; imekwisha; ya moto hiyo; nani hajapata? Tukageuza hayo tu kwa Kifaransa. Akayaandika kwa mkaa ukutani, kwa jinsi yeye anavyoyasikia, "sete ase" kwa *c'est assez*, yaani inatosha, na sikumrekebisha maandishi kwa sababu ukuta ule ulikuwa wake. Sauti ndiyo tuliyorekebisha, neno kwa neno, mpaka ikakaa.

Mwezi wa kwanza aliwasubiri. Mtoto akisema "niongezee", mama anatabasamu na kusimamisha upawa hewani. Hakumnyima mtu chakula, na hilo tuliliandika kwenye kanuni: hakuna mtoto atakayekosa chakula kwa sababu ya lugha. Akikwama kabisa, mama anamtamkia, mtoto anarudia, anapakuliwa. Kufikia Machi foleni nzima ilikuwa inasema *Il y en a encore ?* (imebaki?) na kujibiwa *Il n'y en a plus* (imekwisha). Mwalimu yeyote wa Kifaransa atakuambia kineno *en* kinavyowatesa wanafunzi. Ukikifundisha ubaoni kidato cha tatu wanakikimbia. Wale wa kidato cha kwanza walikuwa nacho mdomoni kabla hawajajua kina jina, kwa sababu bila hicho hujui kama makande yamebaki.

Baada ya jikoni tulifungua stoo. Mipira, jembe la bustani, chaki, karatasi za manila, kandambili za ziada za bwenini, vyote vilitoka stoo kwa maombi ya mdomo: unataka nini, cha nini, utarudisha lini. Dakika moja ya kuongea kwa kila kitu. Baadaye uwanja wa mpira, halafu bustani. Kila sehemu tuliiongeza pale tu tulipokuwa na mtu mzima wa kuisimamia. Tulipojaribu kuongeza bweni kabla matroni hajawa tayari, ilivunjika ndani ya wiki mbili tukairudisha nyuma, na sioni aibu kusema hivyo.

Msimuadhibu mtoto kwa Kiswahili chake

Katika shule niliyokuwa kabla, kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Anayekutwa anasema Kiswahili anavalishwa shingoni, naye anakaa akiwinda mwingine wa kumvisha. Awali kilikuwa cha Kiingereza. Tulipoanza klabu ya Kifaransa, mtu akaona kitumike na huko. Wageni walipokuja shuleni walisifu utulivu. Mimi nilikuwa mwalimu wa zamu na niliusikia ule utulivu kwa namna nyingine. Watoto walikuwa wameacha kuongea. Mapumziko yalikuwa kama msiba. Binti mmoja alikaa na maumivu ya tumbo tangu asubuhi hadi jioni kwa sababu hakujua atayasema vipi kwa lugha inayoruhusiwa. Nilimpeleka zahanati mwenyewe usiku ule. Nilipofungua mkondo wetu, sharti langu la kwanza kwa bodi lilikuwa kwamba kibao cha aina hiyo hakitaingia getini.

Kwa hiyo tulifanya kinyume. Hatukutaja mahali ambapo Kiswahili kimekatazwa. Tulitaja mahali ambapo Kifaransa kina zamu. Jikoni, stoo, uwanjani, vipindi vyake. Nje ya hapo mtoto ni huru. Ugonjwa, msiba, ugomvi, habari kutoka nyumbani, haya yasemwe kwa lugha ambayo mtoto anaweza kulia nayo. Na hata kwenye zamu ya Kifaransa, sentensi ya kwanza kabisa wanayofundishwa inaruhusu Kiswahili katikati yake: *Comment dit-on "upawa" ?*, yaani "upawa" husemwaje? Mtoto mwenye sentensi hiyo hakwami kamwe. Anaomba neno, anapewa, anaendelea.

Kuelewa si kuongea

Hili liliwashangaza hata Wakanada. Mtafiti wao Merrill Swain aliwachunguza watoto waliokaa miaka kwenye shule za kuzamishwa, akaona wanaelewa karibu sawa na watoto wa Kifaransa wenyewe, lakini kuongea na kuandika kwao kumebaki nyuma, kumejaa makosa yale yale. Mwaka 1985 alitoa hoja kwamba kusikia peke yake hakutoshi: mwanafunzi lazima asukumwe atoe lugha, aitengeneze, aeleweke.

Sisi tuliliona mwaka wa pili. Watoto wanacheka mwalimu anapotania, wanafuata kila agizo, ila wakiulizwa wanajibu *oui*, *non*, *le truc-là*: ndiyo, hapana, kile kitu. Nikakaa nyuma ya darasa siku tatu nikitazama, na nikagundua tatizo lilikuwa letu walimu. Tulikuwa tunawahurumia. Mtoto akianza sentensi, mwalimu anaimalizia. Akionyesha kidole dirishani, mwalimu anafungua dirisha. Tukajiwekea sheria ya kuhesabu hadi kumi moyoni kabla ya kusaidia. Kumi ni ndefu sana darasani, mnaweza kujaribu leo. Mara nyingi mtoto anaipata akifika saba.

Kingine kilichosaidia ni kazi ambazo mmoja anajua na mwenzake hajui. Mmoja ameshika ramani ya Kilimanjaro yenye njia za Marangu na Machame, mwingine ana karatasi tupu. Amuelekeze mpaka achore. Haikubaliki kuonyesha. Walipiga kelele darasa lile hadi mkuu wa shule akaja mlangoni, akasikiliza, akaondoka bila kusema kitu.

Walimu, na lile neno la sabini

Msimtafute Mfaransa kwanza. Mtafuteni mwalimu anayeweza kupanga stoo. Vyuo vyetu vinatoa walimu wa Kifaransa, na jirani zetu wa Burundi na Kongo wana walimu wazuri waliosoma kwa Kifaransa toka utotoni. Mkiajiri asiye raia, kibali cha kazi na cha ukaazi vianze kushughulikiwa miezi mingi kabla. Msiweke jina lake kwenye ratiba mpaka karatasi ziwe mkononi.

Mwalimu wetu aliyetoka Bukavu, Kongo, alikuwa na Kifaransa kizuri mno na Kiswahili chake cha kule. Watoto waliligundua hilo wiki ya pili, wakaanza kumjibu kwa Kiswahili. Tulikubaliana asijifanye hajui, maana mtoto akijua unamdanganya humpati tena. Alisikiliza Kiswahili chao, akajibu Kifaransa, siku zote, kwa upole ule ule. Ilichukua muhula mzima.

Halafu ikaja sabini. Kitabu chetu kilichapishwa Ufaransa na kiliandika *soixante-dix*, yaani sitini na kumi. Mwalimu wetu alisema *septante*, kama wasemavyo Kongo, Rwanda na Burundi kwa urithi wa Wabelgiji. Na tisini kwake ilikuwa *nonante*, kitabuni *quatre-vingt-dix*, nne mara ishirini na kumi. Watoto walikuja kwangu kushtaki kwamba mmoja kati ya mwalimu na kitabu anakosea. Niliwapa kipindi kizima juu ya jambo hilo na nawashauri mfanye hivyo. Waambieni kwamba zote mbili ni sahihi, kila moja ina watu wake, na kwamba mtu wa Bujumbura na mtu wa Paris wanaelewana. Kijana anayetoka Moshi ana nafasi kubwa zaidi ya kukutana na *septante* kuliko anavyodhani.

Na kuna zawadi ambayo mtoto wa Kiswahili anakuja nayo bila kujua. Msemaji wa Kiingereza anashangaa kwa nini kivumishi cha Kifaransa kibadilike kwa kufuata jina: *un beau livre*, *une belle maison*. Mtoto wetu amekuwa akifanya hivyo tangu akiwa mgongoni kwa mama: kitabu kizuri, nyumba nzuri, mti mzuri, maji mazuri. Mwambie Kifaransa kina ngeli mbili tu, na umoja na wingi wake. Utamuona anavyopumua. Nilianza kufundisha jinsia za Kifaransa kwa njia ya ngeli baada ya miaka mingi ya kufundisha vingine, na najuta sikuanza mapema.

Mkutano wa wazazi

Uiteni kabla ya kuandikisha mtoto hata mmoja, na msiseme kwa maneno makubwa. Mama mmoja alisimama mkutano wetu wa kwanza.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mama."

"Mimi sijasoma sana. Huyu wangu Kiingereza chenyewe kinamkaba. Mkimuongezea hiki, si atabaki hana hata kimoja?"

Lilikuwa swali bora kuliko yote ya siku ile. Nilimwonyesha ratiba, kipindi kwa kipindi, masomo ya mtihani yamekaa kwenye Kiingereza na hayakupunguzwa. Nilimwambia kuhusu muhula wa kwanza. Nilimwambia pia ukweli kwamba miezi ya mwanzo mtoto atachoka, atalala mapema, na akirudi likizo asimlazimishe aongee Kifaransa mbele ya wageni kama kasuku. Asimulie kwa Kiswahili alichojifunza. Kikiwa kimeingia, kitasimulika kwa lugha yoyote.

Wazazi watauliza faida. Jibuni kwa vitu vinavyoonekana kutoka hapa. Arusha ndiko yaliko makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya hiyo ina Burundi na Rwanda, na tangu 2022 ina Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, na Kifaransa ni miongoni mwa lugha zake. Waongoza watalii wetu wanajua tofauti ya kupangwa na kundi la Wafaransa unapoweza kuwasimulia mlima kwa lugha yao. Msiahidi ajira. Hakuna shule inayoweza kuahidi ajira, na mzazi aliyeuza ndizi na kahawa yake kulipa ada anastahili kuambiwa hivyo usoni.

Kupima mlikofika

Mtihani wa taifa wa somo la Kifaransa waufanye kama kawaida. Mbali na huo, mkiweza, watahiniwe DELF, mtihani wa Kifaransa unaotolewa na Ufaransa kwa wasio wasemaji wa lugha hiyo. Ina madaraja manne, A1 la chini hadi B2 la juu, na kila daraja hupima kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, alama 25 kila kimoja. Kufaulu ni 50 kati ya 100, ila ukipata chini ya 5 katika sehemu yoyote umeanguka hata kama jumla imefika. Kanuni hiyo naipenda, kwa sababu haimruhusu mtoto kujificha nyuma ya kusoma. Diploma yake haiishi muda. Waulizeni Alliance Française ya Arusha kuhusu tarehe na ada. Sisi tulilenga A2 mwishoni mwa kidato cha pili na B1 kidato cha nne. Aliyeweza B2 tulimsindikiza, lakini hatukumsukuma mtu.

Kuna kipimo kingine kisichogharimu kitu, nacho ndicho ninachokiamini zaidi. Kila mwisho wa muhula, mtoto mmoja mmoja anaingia ofisini, anaongea dakika mbili kuhusu jambo lolote, mnarekodi kwa simu. Msimrekebishe. Andikeni jina, kidato na tarehe. Mwisho wa mwaka wa pili mkae naye msikilize ya kwanza na ya mwisho, mkiwa wawili tu. Nimeona vijana wakubwa wakifuta macho pale. Sauti hizo zihifadhiwe sehemu mbili, simu na kompyuta ya ofisi, na ziandaliwe tangu wiki ya kwanza ya Januari, kwa sababu rekodi ya kwanza ikikosekana haitengenezeki tena, na ni hiyo ambayo mtoto atakuja kuiomba.